Tupeane uzoefu: kurusha muziki kutoka kwenye simu hadi kwenye TV

#1 (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Miezi kadhaa iliyopita nilipata kile kidude cha kuchomeka nyuma ya TV, Chromecast, nia yangu ikiwa moja tu: muziki wa kwenye simu usikike sebuleni. Nikakichomeka, nikakiunganisha na Wi-Fi, nikajiona fundi. Kumbe wiki tatu nzima sikuwa narusha muziki, nilikuwa naonyesha skrini yote ya simu kwenye TV. Simu inachemka kama pasi, chaji inakata kabla albamu haijafika nusu, na nikizima skrini tu, muziki nao kwisha.

Siku hiyo kuna wageni, mazungumzo yamekolea, wimbo unakwenda. Mara ujumbe ukashuka juu ya TV, herufi kubwa kama bango la barabarani: "Kaka ile hela vipi, mwezi wa tatu huu." Sebule nzima wakasoma. Shemeji yangu akaanza kukagua dari.

Usiku uleule ndipo nikakiona kialama ndani ya programu ya muziki: kimstatili chenye vimawimbi kwenye pembe ya chini kushoto. Kilikuwepo siku zote. Nikakibonyeza, TV ikabaki na picha ya jalada la albamu peke yake, simu ikapoa mkononi.

Najua siko peke yangu niliyeumbuka. Wewe ulikwama wapi, na ulijinasuaje? Karibuni.

#2

Mimi nilitokea kwenye Bluetooth, na woga wake nikaja nao. Kule sauti yote inapita ndani ya simu ndiyo iende kwenye spika: ukipigiwa inakatika, ukisogea mita 10 na ukuta katikati inaanza kigugumizi. Kwa hiyo hata nilipoanza kurusha kwenye TV, simu nilikuwa naiweka juu ya kabati kama yai, mtu asiiguse.

Siku moja ikazima chaji. Nikasubiri kimya. Wimbo ukaendelea. Ukaja wa pili, wa tatu. Nikatazama simu, nyeusi tii. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba simu haitumi sauti. Inakipa kidude anwani ya wimbo, halafu kidude chenyewe kinaufuata mtandaoni na kuucheza. Simu imebaki rimoti.

Tatizo ni kwamba rimoti imezima, na orodha niliyokuwa nimeweka ilikuwa ya nyimbo za kuachwa, saa mbili mfululizo. Chaja sijui iko wapi. Mwisho nikachomoa waya wa umeme.

#3

@#2 😂😂 nyimbo za kuachwa saa mbili, pole sana mkuu.

#4

Sina intaneti ya nyumbani, natumia bando la simu. Nilihangaika: simu nimeifungulia hotspoti, kidude kimeunganishwa na hotspoti hiyo, halafu simu hiyohiyo inaniambia hakuna kifaa cha kurushia. Kidude nakiona kwa macho, taa inawaka! Kilichonisaidia ni simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Sasa hiyo ndiyo inatoa hotspoti, kidude na simu yangu vyote vinaingia humo kama wageni wa nyumba moja. Tangu hapo vinaonana.

Na kwa wanaoogopa MB: niliamini nakatwa mara mbili, mara moja kwenye simu na mara moja kwenye TV. Siyo. Wimbo unashuka mara moja tu, kwenye kidude. Hesabu yake ni nyepesi. Muziki wa ubora wa 320 kbps (kilobiti kwa sekunde) unakula kama MB 144 kwa saa. Ukishusha hadi 96 kbps ni MB 43 hivi, na kwa spika za TV yangu masikio hayajalalamika. Kinachomaliza bando ni kubonyeza video ya wimbo badala ya wimbo. Nimefanya hivyo Jumamosi moja, kufika jioni sina hata MB ya kutuma salamu.

#5

Uzi mzuri. Yangu ni ndefu kidogo, mnivumilie, maana ilinichukua karibu wiki mbili.

Kidude kilikuwa kinafanya kazi safi. Siku moja kikapotea kwenye simu yangu. Kwenye simu ya mke wangu kipo. Nikazima simu, nikawasha. Nikafuta programu ya muziki, nikaiweka upya. Nikarudisha kidude kwenye hali ya kiwandani, nikaanza usajili tangu mwanzo. Nacho kikagoma kuonekana hata kwenye usajili. Mke wangu akakisajili kwa simu yake kwa dakika tatu huku akinitazama kwa namna ambayo sitaisahau.

Siku ya kumi na ngapi sijui, navuta kile kipazia cha juu cha simu nipunguze mwanga, nikaona kialama cha ufunguo. VPN. Ni ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye handaki la siri; niliiwasha kwa shughuli nyingine kabisa nikaisahau. Kwa ninavyoelewa sasa, simu ikitaka kurusha inapiga ukelele ndani ya Wi-Fi ya nyumbani, "kuna kifaa hapa?", na kidude kinaitika. Ukiwasha VPN, ukelele unaweza kutolewa nje kupitia handaki badala ya kubaki ndani ya nyumba, kidude hakisikii kitu. Nikaizima. Kidude kikatokea palepale, kama mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango.

Ugonjwa huohuo nimeukuta kwa jirani, ila chanzo tofauti. Yeye simu yake ilikuwa kwenye Wi-Fi ya wageni, ile ya pili ambayo rauta nyingi zinayo. Mtandao wa wageni kwa kawaida umetengenezwa vifaa visionane, kwa usalama. Intaneti unapata, kuonana hampati.

#6

@#5 ubarikiwe ndugu. Changu nilikuwa nimeshakirudisha kwenye boksi lake na utepe nimepiga. Nimekwenda kuangalia, ufunguo upo juu ya skrini unanichekea.

#7

Wanaolalamika kidude kinajizima na kuwaka katikati ya wimbo, angalieni umeme kabla ya kulaumu mtandao. Mimi nilikichomeka kwenye tundu la USB la TV kwa sababu ni karibu na waya hauonekani. Matundu mengi ya USB kwenye TV, hasa za zamani, yanatoa ampia 0.5. Vidude vingi vinataka 1. Wimbo unakwenda vizuri dakika ishirini, mara kinashindwa pumzi, nembo inarudi kama ndiyo kwanza kimetoka dukani. Nikahamia chaja ya ukutani, kimetulia hadi leo.

#8

Faida nyingine ya chaja ya ukutani ni kwamba kidude kinabaki macho hata TV ikiwa imezimwa, kwa hiyo ukibonyeza wimbo kwenye simu TV inajiwasha yenyewe na kuhamia kwenye tundu lake la HDMI. Wengi wanaipenda.

Mimi niliipenda mpaka mama mkwe alipokuja kututembelea. Tulimtandikia sebuleni kwa sababu ndiko kwenye hewa. Saa saba usiku usingizi umenipaa, nipo chumbani, nikachomeka visikilizi nisikilize kitu cha taratibu. Nikabonyeza. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza tena, hadi mwisho. Ndipo nikasikia ngoma kutoka upande wa pili wa ukuta, pamoja na sauti ya mama wa watu akimwita Mungu wake.

Programu ilikuwa imekumbuka kwamba mara ya mwisho nilirusha kwenye TV. Nilipokimbilia sebuleni nilimkuta amekaa wima, shuka hadi shingoni, mwanga wa TV usoni, jalada la albamu linamkodolea. Asubuhi hakuna aliyelizungumzia. Kipengele cha TV kujiwasha huitwa HDMI-CEC, ila kila kampuni ya TV imekipa jina lake, kwa hiyo kitafute kwenye mipangilio. Nimekizima. Sitakiwasha tena hata nyumba ikiwa tupu.

#9

@#8 nimecheka hadi jirani kagonga ukuta.

Kwangu shida ni wadogo zangu. Nikirusha wimbo, simu zote za Android zilizo kwenye Wi-Fi hiyo zinapata taarifa yenye vitufe vya kusimamisha na kuruka wimbo. Yaani mtu yuko jikoni anakurukia wimbo wako! Ilinichukua muda kumjua mkosaji. Kuna mahali kwenye mipangilio unaweza kuzuia wengine wasiongoze unachorusha. Nimezuia. Wananinunia.

#10

Nimesoma wote mnaongelea muziki wa mtandaoni. Sisi wenye nyimbo zetu wenyewe je? Nina nyimbo nilizozitoa kwenye CD miaka ya 2000, nyingine huzipati popote mtandaoni. Zimo kwenye kadi ya simu.

Hapa ile hadithi ya #2 inageuka kichwa chini. Wimbo ukiwa ndani ya simu, kidude hakina pa kuufuata mtandaoni, kwa hiyo kinakuja kuuchota kwako. Unahitaji programu inayoigeuza simu kuwa ghala dogo, halafu kidude kinavuta wimbo kupitia Wi-Fi. Wimbo wenyewe hauli bando, ila simu ikizima au ukitoka nayo nje ya Wi-Fi, muziki umekwisha. Na simu nyingi zina tabia ya kuziua programu zinazofanya kazi skrini ikiwa imezimwa, ili kuokoa chaji. Nilikuwa nasikiliza nyimbo mbili, ya tatu inakatika, kila mara ni ileile ya tatu, hadi nikadhani nimerogwa. Nikaingia kwenye mipangilio ya betri nikairuhusu programu ile isibanwe. Ikatulia.

Pili, aina ya faili. MP3 hazina neno, AAC hazina neno, hata FLAC zinakubali. Lakini nyimbo zangu mia kadhaa ziko kwenye WMA, kwa sababu siku zile nilikuwa nabonyeza "sawa" kwa kila kilichopendekezwa na kompyuta. Chromecast yangu haizisomi WMA. Nimekaa jioni nne nikizigeuza, folda moja baada ya nyingine, na nimekutana humo na sauti ya marehemu kaka yangu akijirekodi anaimba kiitikio, faili limeandikwa "jaribio2". Hilo nimeligeuza la kwanza.

#11

@#10 🙏

#12

Mimi nitakuwa mkorofi wa uzi. Mnahangaika na VPN, ampia, sijui CEC, halafu muziki wenyewe unatokea kwenye spika mbili nyembamba zilizobanwa nyuma ya TV zikiangalia ukuta! Besi haipo. Chukua waya kutoka kwenye TV, uwe wa optiki au HDMI ya tundu la ARC (lile linalotoa sauti nje ya TV), peleka kwenye sabufa au redio yako kubwa. Mpaka ufanye hivyo, hizo 320 kbps unawasikilizisha buibui.

#13

@#12 mkuu kweli tupu, ila si kila mtu anasikiliza kwa ajili ya besi. Mama yangu anataka tu aone jina la mwimbaji kwa maandishi makubwa bila kutafuta miwani. Spika haionyeshi jina.

#14

Ukibadilisha rauta, ipe mpya jina na nywila ileile ya zamani, kila herufi. Kidude na vifaa vingine vyote vitaingia vyenyewe bila kusajiliwa upya. Ningeijua hii mapema ningeokoa Jumapili nzima.

#15 (mleta uzi)

Nimerudi wakuu. Nimesoma kila kitu, nimehamishia kidude kwenye chaja ya ukutani, nimenunua na waya wa kupeleka sauti kwenye redio, #12 usiseme hatukusikilizi. CEC nimeiacha, maana mama mkwe wangu hana mpango wa kuja karibuni.

Leo mchana nikafanya jaribio ambalo nilikuwa naliogopa tangu siku ile ya wageni. Wimbo unakwenda, simu ikaita katikati. Nikapokea. Muziki haukutetereka, na kwenye TV hakuna jina wala namba iliyotokea, jalada la albamu limetulia tu.

Aliyepiga ni yuleyule wa ile hela. Akanisikiliza ninavyojieleza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Huko uliko kuna sherehe?"