Vikorombwezo vya laptopu ya Neema

Neema: Shikamooni wazee wangu, na habari za jioni kwa wengine wote. Laptopu ya masomo nimeipata leo, na ninamshukuru kila aliyenichangia. Muuzaji amenipa orodha ya vifaa kumi na viwili ambavyo anasema ni vya lazima, kuanzia begi na kipanya hadi feni ya kupoozea na kifuniko cha kamera. Fedha iliyobaki haifikii hata nusu ya orodha hiyo, kwa hiyo naomba mnishauri nianze na kipi.

Mjomba Hamisi: Marahaba, mpwa wangu, na hongera sana. Kabla hujanunua chochote, tazama mbavu zote mbili za laptopu, uhesabu matundu yake na utuandikie hapa.

Neema: Ina matundu mawili ya USB-C na moja la hedifoni. La HDMI, lile la kupelekea picha kwenye skrini kubwa, halipo, wala lile la USB ya kawaida lenye umbo la mstatili. Chaja yake imeandikwa wati 65.

Mjomba Hamisi: Basi huwezi kuepuka adapta, yaani kifaa cha kuongezea matundu, kwa sababu tundu moja litashikwa na chaja na flashi za wenzako hazitaingia katika lililobaki. Tafuta yenye HDMI, matundu mawili ya USB ya kawaida, na tundu la kupitishia umeme wa chaja. Soma pia imeandikwa nini kuhusu picha za 4K, yaani zile zenye nukta nyingi sana: adapta nyingi za bei ya chini huonyesha picha upya mara 30 tu kwa sekunde, na kishale cha kipanya huonekana kikijikokota kwenye skrini kubwa, ilhali mara 60 ni laini machoni. Hata hivyo, si kila tundu la USB-C hutoa picha, kwa hiyo soma kwanza kijitabu cha maelezo.

Nyaya nazo zichunguze. Mbili zinaweza kufanana kama pacha, moja ikapitisha data kwa megabiti 480 kwa sekunde na nyingine kwa gigabiti 10 au hata 40. Upande wa umeme, waya wa kawaida wa USB-C huishia wati 60, na ule unaopitisha zaidi ya hapo huwa na chipu ndani ya kichwa chake ya kuutambulisha kwa chaja. Siku utakayoazima waya wa simu, laptopu yako haitapata wati zake zote 65.

Shangazi Zaituni: Shemeji Hamisi amesema vyema, lakini mimi ningetanguliza diski ya nje. Nilipokuwa namalizia tasnifu yangu, laptopu ilianguka kutoka mezani, diski yake ikaanza kugongagonga, na mahojiano ya miezi mitano yakapotea. Flashi nilikuwa nayo, ila nakala ya mwisho niliyoweka humo ilikuwa ya mwanzoni kabisa mwa kazi. Tangu hapo nahifadhi nakala tatu, katika vyombo viwili vya aina tofauti, na moja hailali nyumbani kwangu. Mwanangu, ukiweza nunua ya SSD, kwa kuwa haina sahani inayozunguka ndani na hustahimili kuanguka zaidi, na nafasi yake isipungue ile ya laptopu yenyewe.

Kaka Idi: Naongezea kuhusu shingo. Skrini ya laptopu na kibodi yake zimeshikana, kwa hiyo ukiiweka chini shingo inainama, na ukiipandisha mabega ndiyo yanayopanda. Nunua kibodi na kipanya vya pembeni, halafu iinue laptopu juu ya vitabu vigumu hadi ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho. Kibao maalumu cha kuinulia kinaweza kusubiri.

Neema: Na feni je? Na kifuniko cha kamera?

Mjomba Hamisi: Feni iache. Usiiweke laptopu juu ya kitanda wala mto, kwa maana nyingi huvuta hewa kupitia upande wa chini. Kuhusu kifuniko, mwaka 2020 Apple waliwaonya wenye MacBook wasizifunge zikiwa na kifuniko juu ya kamera, kwa kuwa nafasi kati ya skrini na kibodi ni ndogo mno na kioo kinaweza kupasuka. Laptopu nyingine huja na kizibo chake chembamba cha kamera, kwa hiyo kagua yako.

Shangazi Zaituni: Mfuko wa kuibebea usinunue kwa kutegemea inchi peke yake, kwani inchi hupimwa kwenye skrini kutoka pembe hadi pembe. Pima urefu, upana na unene wa laptopu yenyewe.

Neema: Nimewaelewa. Kesho nitanunua diski, kisha adapta nikishathibitisha ni tundu lipi hutoa picha. Kibodi na kipanya nitavinunua mwezi ujao.

Kaka Idi: Kipanya usinunue, ninacho kimoja kizima ambacho sikitumii. Ni cha USB ya kawaida, kwa hiyo nitakuletea ukishapata adapta.

Neema: Asante sana, kaka.