Naomba ushauri: nimeokoka kwa neema, mbona uongo hauniachi?

MtafutaNuru:
Wakuu, Bwana asifiwe. Huu ni mwaka wa 4 tangu niokoke. Pombe niliacha siku ileile, wala sikuhangaika. Lakini uongo bado ninao, ule mdogomdogo. Juzi rafiki yangu kanipigia, nikamjibu "niko njiani, dakika 10 nafika", na mimi nipo ukingoni mwa kitanda natafuta soksi ya pili. Kanisubiri karibu saa nzima. Jioni yake nikaongoza maombi.

Nikijihukumu naambiwa wokovu ni kwa neema, nisijitese. Nikitulia naambiwa mti hutambulikana kwa matunda yake. Nishike lipi? Kama ni lazima nibadilike, hiyo neema iko wapi?

Nyundo:
Hujaokoka wewe. Katubu upya.

mamaTumaini:
Nyundo, punguza. Wakorintho walishtakiana mahakamani, wakalewa hadi kwenye chakula cha Bwana, na bado Paulo anaanza kwa kuwaita watakatifu. Halafu ndiyo anawachapa barua nzima!

Mwanangu, soma Waefeso 2 ila usiishie mstari wa 9 kama wengi wetu. Wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Hayakununulii wokovu, ndiyo kazi uliyookolewa uje uifanye. Kisha fungua Tito 2:11-12. Neema ileile iokoayo ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya, na neno la Kigiriki lililotumika pale ni la kulea mtoto, kumrudi na kumwelekeza. Unamlea mtoto kwa sababu ni wako, si ili awe wako. Wewe unajiona kama mpangaji anayeogopa kufukuzwa.

Nyundo:
Mama, hapo si ndipo watu wanapojificha? "Nalelewa, nalelewa", miaka 20.

mamaTumaini:
Wapo. Paulo aliulizwa hilohilo, tudumu katika dhambi ili neema izidi? Akajibu hasha. Ila huyu analalamika kwamba uongo unamuuma. Anayejificha haandiki hapa.

Kisima:
Mimi nikuletee Zakayo, Luka 19. Yesu alisema atashinda nyumbani kwake kabla jamaa hajaahidi kitu. Nusu ya mali kwa maskini, mara 4 kwa aliowadhulumu, yote kayataja mwenyewe bila kudaiwa. Lakini angalia, hakusema "nitajitahidi kuwa mwaminifu". Kataja hesabu. Wewe una deni la saa nzima ya mtu. Umemwambia?

MtafutaNuru:
Hapana mkuu. Nilimwambia kulikuwa na foleni.

Kisima:
Kumbe ni 2.

FundiViatu:
😂 Pole ndugu. Kuna John Newton, Mwingereza. Alimlilia Mungu kwenye dhoruba baharini mwaka 1748, na baada ya hapo akawa nahodha wa meli za watumwa hadi 1754. Ilipofika 1788 ndipo akachapisha kijitabu cha kukiri na kuipinga biashara ile. Miaka 40! Sikwambii ili ujipe nafasi. Waliofungwa minyororo ndani ya meli zake hawakuwa na muda wa kumsubiri akue. Mungu anakuvumilia, sawa, lakini uongo wako kuna mtu anaulipia wakati wewe unaendelea kulelewa. Mpigie leo.

MtafutaNuru:
Nimerudi wakuu. Nimempigia. Nikamwambia sikuwa njiani, na foleni haikuwepo. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na ile siku ya mazishi ya baba, uliposema unaumwa?"

Nikamwambia na ile.

Akakata simu. Tangu mchana hajapokea.

mamaTumaini:
Usimpigie tena leo. Kesho nenda kwake. Na utoke nyumbani mapema.

MtafutaNuru:
Sawa mama. Soksi nimeshaziweka mlangoni.