Shule ya bure, orodha ya kurasa mbili: nipeni risiti tu!

Wazazi wenzangu wa Nairobi, nisameheni nikiandika na hasira. Ni Jumatatu usiku, nimetoka sokoni nimechoka, binti yangu amelala macho yamevimba kwa kulia, na nikinyamaza leo nitapasuka.

Nianze na jana. Saa tatu na dakika arobaini usiku, sare zimepigwa pasi zimetundikwa mlangoni, mimi namalizia kuandika majina kwenye madaftari. Simu ikalia. Grupu ya wazazi, ambayo imekuwa kimya Novemba nzima na Desemba nzima isipokuwa yule baba anayetuma maua kila asubuhi. "Wapendwa wazazi, heri ya mwaka mpya. Haya hapa mambo machache ya kukumbushana tunapofungua." Machache! Picha mbili za karatasi iliyopigwa chapa, moja imelala ubavu, ukitaka kuisoma nawe ulale ubavu.

Rimu moja ya karatasi kila mtoto. Tishu sita. Sabuni ya maji lita moja. Wavulana ufagio, wasichana moppa ya kupigia deki (huyo aliyegawa hivyo angetuambia alifikiria nini). Mtihani wa kufungua shule 300. Motisha ya walimu 500 kila mwezi, ambayo sote tunajua ni tuisheni, imebadilishwa nguo tu. Dawati 1,500 kwa wanaoingia Gredi ya 1. Sweta mpya na traksuti zenye nembo, "zinapatikana katika duka letu pekee". Wanafunzi wafike saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Halafu mwisho, kwa herufi kubwa: ASIYEKAMILISHA ASIJE GETINI.

Nina watoto wawili pale. Binti yuko Gredi ya 4, mdogo wake ndiyo anaanza Gredi ya 1. Nilichukua kalamu ileile ya kuandikia majina nikapiga hesabu nyuma ya daftari: 11,820. Hapo sijagusa viatu, sijagusa mkoba, sijagusa nauli, na makanga mnawajua wiki ya kufungua shule. Hii ni shule ya umma. Mwezi ni Njaanuari. Na ni saa nne usiku kasoro, hata ningekuwa na hizo pesa mfukoni, rimu ningeitoa wapi kabla ya alfajiri?

Wangetuma hiyo karatasi Novemba ningechanga mdogo mdogo. River Road rimu zilikuwepo, zimepangwa hadi kwenye baraza. Lakini hapana, lazima ije usiku wa mwisho ili uogope, utume, usiulize.

Nami nikaogopa, nikatuma. Nakubali ujinga wangu. Nilituma 2,100: dawati la mdogo na mitihani ya wote wawili. Nambari iliyoandikwa kwenye karatasi si ya shule. Ni ya mwalimu, jina lake kamili likatokea kwenye M-Pesa. Nikaandika kwa adabu kabisa: "Mwalimu, nimetuma, naomba risiti." Jibu: "Mama, si uko na meseji?"

Shikeni hiyo "si uko na meseji", tutarudi.

Sasa sweta. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni kazi yangu. Mimi ni fundi wa nguo soko la Uhuru, pale Jogoo Road. Kama umewahi kuvaa sare Nairobi hii kuna uwezekano mkubwa imepita kwenye soko letu. Tunakata kwa dazeni, tunashona marinda, kaptura, mashati, na kuna wenzetu wa mashine za kufuma wanaotoa sweta kutwa. Mama wa kibanda cha pili kutoka kwangu ndiye anayefuma sweta za shule ya watoto wangu. Si zinazofanana nazo. Ni zenyewe. Lile "duka letu pekee" la mjini humletea oda, yeye anafuma, nembo inadariziwa hapohapo nyuma, mzigo unafungwa kwenye gunia unaondoka. Anawauzia 550. Dukani ni 1,350. Traksuti ni 1,800 na kitambaa chake ukikipeleka mbele ya mwanga unaona jirani.

Nilinunua sweta mbili kwa huyo mama mwezi wa kumi na mbili, uzi uleule, rangi ileile, mashine ileile, ila hazina nembo kwa sababu duka ndilo lenye ruhusa ya nembo. Akaniuzia 600 kila moja. Sasa niambieni, mtoto akivaa sweta iliyofumwa na mikono ileile, akili yake inapungua kwa sababu hakuna kinembo cha ukubwa wa kiberiti kifuani?

Asubuhi tukafika, saa kumi na mbili na dakika ishirini, giza. (Kanuni za elimu ya msingi za 2015 zinasema masomo ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, lakini hiyo vita nitaipigana mwaka mwingine.) Getini kuna meza, kuna karani, kuna soja, na kuna mistari miwili. Mstari wa waliokamilisha unaingia. Mstari wa wasiokamilisha unasimama kando ya ukuta, upande ule wa barabara, kila anayepita na matatu anawaona. Watoto wa miaka sita, saba, tisa. Wengine wamekumbatia fagio.

Karani akatafuta jina la binti yangu. Hajalipa mtihani, hajalipa motisha, hana sweta. Na mdogo? Hajalipa dawati, hajalipa mtihani, hajalipa chochote.

"Nimelipa jana usiku, 2,100."

"Mimi sina hiyo, Mama. Umelipa wapi?"

Nikatoa simu, nikamwonyesha. Akasoma, akanirudishia. "Hii si akaunti ya shule. Hii ni jina la mtu." Jamani, hiyo nambari si nyinyi mlituandikia! "Ngoja mwalimu mwenyewe aje." Mwalimu mwenyewe ana ruhusa, ana msiba nyumbani, atarudi Alhamisi. Pole zake za dhati, sina ubaya naye, msiba ni msiba. Lakini pesa yangu imekwenda msibani naye?

Soja ndiye peke yake aliyeongea na mimi kama mtu. "Mamangu, usinikasirikie. Mimi nimepewa orodha tu." Wa Gredi ya 1 akaruhusiwa kwa sababu alianza kulia kwa sauti na watu wakaangalia. Binti yangu halii hadharani, kwa hivyo akabaki ukutani hadi saa nne na nusu. Kosa lake ni kuwa mpole.

Najua kuna watakaoniambia mwalimu mkuu naye ana shida zake. Ninajua, na nitamtetea kabla hamjaanza. Serikali huitengea shule ya msingi shilingi 1,420 kwa kila mtoto kwa mwaka. Gawanya kwa mihula mitatu, haifiki hata 500. Na hiyo yenyewe huja ikichelewa, vipande vipande. Kwa pesa hiyo ununue chaki, ulipe maji, stima, soja, urekebishe choo. Haiwezekani. Mwaka huu redio zote ni Gredi ya 10, Gredi ya 10, hao wa kwanza kuingia sekondari ya juu, na sisi wa huku chini hakuna anayeuliza hata kama kuna dawati. Ingeitwa baraza, mwalimu mkuu asimame aseme, "Wazazi, pesa haijaingia, choo kimeziba, tunahitaji 200 kila mmoja, bodi imekubali, hii hapa risiti," ningetoa. Ningetoa 300. Na mashine ningeleta niwashonee pazia bure, kama ninavyotoa vipande vya vitambaa kila wiki walimu wakitaka vifaa vya ule mtaala wa umilisi, CBC, ambayo sasa wameibatiza CBE. Kibanda changu ni stoo ya shule tatu.

Shida yangu si kutoa. Shida yangu ni kutoa gizani.

Na sheria iko, wala haijafichwa. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013: shule ya umma isitoze karo. Michango mingine yoyote iwe imeidhinishwa na Waziri kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mtoto asikatazwe shule kwa sababu mchango huo haujalipwa. Na hapa ndipo nilipopiga meza: mtu yeyote asikusanye pesa hizo bila kutoa risiti rasmi. Kisha kuna Katiba ya 2010, kifungu cha 53, elimu ya msingi ya bure na ya lazima kwa kila mtoto. Mimi nilikuwa darasa la tano Januari 2003 elimu ya bure ilipoanza, Rais Kibaki akiwa ndio kwanza ameapishwa. Darasa lilijaa hadi tukakaa wanne dawati la wawili, na wenzetu wa mtaani waliokuwa wakituchungulia kwa ua wakaingia ndani kwa mara ya kwanza. Mzee Kimani Maruge wa Eldoret aliingia darasa la kwanza mwaka uliofuata akiwa na miaka 84. Sidhani aliambiwa alete moppa.

Na msiniambie kuweka rekodi ni kazi ngumu. Watoto wangu wote wawili wako kwenye ule mpango wa chakula wa kaunti, Dishi na County, ulioanza 2023. Chakula cha mchana ni shilingi 5 kwa mzazi. Tano! Unaweka pesa kwa M-Pesa, mtoto ana bangili mkononi, anaigusisha kwenye kifaa, anapewa sahani yake, na wewe unajua ametumia ngapi na imebaki ngapi. Shilingi 5 ina kumbukumbu. Shilingi 1,500 ya dawati inaishi kwenye simu ya mtu aliye msibani.

Basi naomba mnisaidie na mambo mawili, si maombi wala "pole dada". Kwanza, aliyewahi kwenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo na karatasi kama hii, alipokelewa vipi? Shuleni walimwandama mtoto wake baadaye? Hilo ndilo linalonitisha, si lingine. Pili, wekeni hapa orodha zenu, bila majina ya shule, na mseme nambari ya kulipia ni ya shule au ni ya mtu. Nataka kujua kama ni sisi peke yetu.

NYONGEZA, Jumanne jioni. Kwa yule aliyeandika "kama huwezi peleka watoto shule ya kibinafsi": ndugu yangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sentensi yako haina mantiki hata ukiigeuza, mtu asiyeweza cha bei nafuu atawezaje cha ghali? Kwa mama aliyesema kwao ni rimu mbili na mfuko wa simiti, nimekaa chini. Simiti! Na kwa mwalimu aliyejibu kwa upole kwamba nao hununua chaki kwa mshahara wao: nimekusikia, Mwalimu, na nakuamini. Ndiyo maana nataka iandikwe. Pesa yako ya chaki nayo haina risiti.

Wengi mmeniambia nisiende ofisini peke yangu, twende kadhaa. Tumeshapatikana wazazi saba kwenye grupu, tunaongea pembeni.

NYONGEZA NYINGINE, Jumatano. Tulienda, lakini kwa mwalimu mkuu kwanza, wazazi saba na nakala ya kifungu cha 29 niliyochapisha kwenye saiba, duka la intaneti, kwa shilingi 10. Sikutegemea, ila alitukaribisha vizuri, chai hakuna lakini viti vilikuwepo. Alisikitika kuhusu ule mstari wa ukutani, akasema hakuamuru yeye, na kuanzia kesho hautakuwepo. Watoto wote wako darasani. Sweta isiyo na nembo "itavumiliwa muhula huu". Haya, na ivumiliwe. Kuhusu duka hakutaka kusema, aliangalia dirishani.

Nikauliza risiti yangu ya 2,100. Akafungua droo, akafunga. Akamwita karani. Wakanong'ona. Kitabu cha risiti kimeisha tangu muhula wa tatu.

Saa mbili usiku huu, simu imelia tena. Grupu ya wazazi. "Wapendwa wazazi, kwa ajili ya uwazi, kila mzazi atume shilingi 20 za kununua kitabu kipya cha risiti." Nambari ni ileile ya mwalimu.

Nimetuma. Nasubiri risiti ya hiyo 20.