Walenisi: riwaya au hotuba yenye roketi?

Dogo_Tegeta: Wakuu, shemeji kaniazima *Walenisi* ya Katama Mkangi. Mwanzo nilipagawa. Dzombo kahukumiwa kifo, katiwa kwenye chombo cha angani akafie huko, yeye akajifunza kukiendesha, akaibukia sayari nyingine. Nikasema leo silali. Kufika huko, wenyeji wanaanza kumweleza wanavyoishi. Wanaeleza. Wanaeleza tena. Juzi nimepitishwa kituo pale Mwenge, na si kwa utamu, ni usingizi. Hii ni riwaya kweli? Halafu na hicho Kiswahili cha Kenya, mh.

MwanaKilifi: Kiswahili cha Kenya ndicho kipi? Marehemu alikuwa mtu wa Pwani. Wewe wa "nilipagawa" ndiwe wa kumsahihisha?

MamaPili: Punguza mori, kaka. Mwenzio kauliza la hotuba. Mkangi alikuwa mwalimu wa sosholojia chuo kikuu, na 1986 akatiwa kizuizini bila kesi, enzi za Moi. Mtu aliyepita huko ulitaka akuandikie vita vya roketi? Hata jina ni fumbo: wale ni sisi.

Dogo_Tegeta: Fumbo gani, dada, na anakufumbulia kila ukurasa?

Karani: Si kilitoka 1984 hicho? Kabla ya kizuizi?

MamaPili: Hiyo ni *Mafuta*. *Walenisi* ni 1995.

Karani: Haya. Ila *Kusadikika* ya Shaaban Robert nayo ni nchi iliyo angani, na Karama anahutubia baraza karibu kitabu kizima: mara safari ya mjumbe huyu, mara ya yule, mpaka wanatimia sita. Tuliisoma shuleni, hakuna aliyesinzia.

Dogo_Tegeta: Hukusinzia kwa sababu ya fimbo ya mwalimu, mzee.

Karani: 😂 Hilo nalo neno.

MwanaKilifi: Mnacheka, mimi sijajibiwa. Kezilahabi, mwandishi wenu wa Tanzania, ni wa Ukerewe, Kiswahili kakikuta mbele ya safari. *Nagona* yake hata wanaoifundisha wanakuna vichwa. Nani amewahi kuguna "Kiswahili cha Ukerewe, mh"? Msomaji asipoelewa *Nagona*, anajilaumu mwenyewe. Asipoelewa cha kwetu, kosa ni la mpaka wa Horohoro.

MamaPili: Hapo kasema kweli, tukubali.

Karani: Kweli ipi? Lugha ina wenyewe.

MwanaKilifi: Wenyewe wako Lamu na Mombasa, mzee wangu, na walikuwa wakitunga tenzi kabla hilo Baraza lako la Kiswahili halijapata meza.

Karani: Kijana, usinitajie meza. Mimi nimesahihisha insha miaka ishirini na mbili.

Dogo_Tegeta: Jamani mimi niliuliza usingizi tu.

MwanaKilifi: Wewe ndiye uliyeguna. Leta neno moja kutoka kitabuni lililokukwaza. Moja.

Dogo_Tegeta: Kitabu nimeshakirudisha kwa shemeji.

MamaPili: Umekimaliza?

Dogo_Tegeta: Nilibakiza kidogo.

MamaPili: Kidogo kiasi gani?

Dogo_Tegeta: Dada, kama nusu hivi.