Mjadala: Je, ni haki kumtoza mgeni kiingilio ili aingie Civita di Bagnoregio?

Ndugu zangu, naliweka suala hili mbele yenu kwa sababu mara nyingi hujibiwa kwa sentensi moja, kwamba mji ni makazi ya watu na haustahili kuwa na lango la kulipia.

Civita di Bagnoregio ni mji mdogo wa mkoa wa Lazio, kaskazini ya Roma. Waetruski, watu wa kale wa Italia kabla ya utawala wa Warumi, waliuanzisha zaidi ya miaka 2,500 iliyopita juu ya mwamba laini uliotokana na volkano, na chini ya mwamba huo kuna udongo wa mfinyanzi ambao mvua na vijito huula mwaka hadi mwaka, ndiyo maana kingo za mji humeguka na nyumba zimekuwa zikiporomokea bondeni. Baada ya tetemeko la mwaka 1695 wengi walihamia Bagnoregio, ng'ambo ya bonde, na leo wanaoishi Civita mwaka mzima ni wachache mno. Mji hauingiliki ila kwa daraja la waenda kwa miguu lililojengwa mwaka 1965. Tangu mwaka 2013 mgeni hulipa kabla ya kulivuka: kiingilio kilianza kwa euro 1.5, kisha kikapanda hadi euro 5.

Wanaopinga hutaja Ibara ya 16 ya Katiba ya Italia, inayompa raia uhuru wa kwenda atakako nchini, isipokuwa sheria iweke mipaka kwa sababu za afya au usalama. Hoja hiyo naiheshimu. Hata hivyo, Ibara ya 9 ya Katiba hiyo hiyo inaikabidhi Jamhuri ulinzi wa mandhari na urithi wa kihistoria, na mwamba unaomeguka haulindwi kwa maneno matupu. Kuwaachia wakazi wachache gharama za njia inayokanyagwa na mamia ya maelfu ya wageni kwa mwaka ni dhuluma kubwa kuliko euro 5.

Ninapotofautiana na wanaokiunga mkono ni pale wanapodai kwamba kiingilio hupunguza msongamano. Hakikupunguza, wageni waliongezeka sana baada ya 2013, na naamini habari ya mji unaolipiwa ilichangia kuwavuta. Kilichofanikiwa ni mapato, hata manispaa ikaweza kuwaondolea wananchi wa Bagnoregio tozo zake. Hapo ndipo moyo wangu hautulii, kwa kuwa unafuu huo umewafaidi zaidi walio upande wa pili wa daraja, ilhali ndani ya Civita nyumba zimegeuka migahawa, malazi ya wageni na makazi ya msimu. Uwanja ulio mbele ya kanisa la San Donato hufurika mchana, kisha jioni hubaki karibu mtupu.

Kwa maoni yangu kiingilio kibaki, lakini kanuni ya manispaa itamke wazi kwamba fedha zitangulie kuimarisha mwamba, kisha zisaidie kodi za nyumba kwa familia zilizo tayari kuishi humo majira yote, pamoja na usafirishaji wa mizigo yao darajani.

Anayepinga, naomba anieleze ni nani mwingine atakayeugharimia mwamba ule. Na anayeunga mkono anieleze ni familia ngapi zimerudi kuishi Civita tangu tiketi ya kwanza ilipouzwa.