Vidonge vya chunusi vilivyokuumiza: tupeane uzoefu, na kama kuna aliyedai haki yake

Nuru wa Majengo
Asalaam alaykum, habari zenu. Jana nimemsindikiza mdogo wangu duka la dawa Mwembe Tayari, hapa Mombasa. Ana miaka kumi na tisa na uso umejaa chunusi zile za majipu. Muuzaji akamtolea paketi ya isotretinoini, zile kapsuli kali za chunusi, kama anayeuza panadol. Hakuuliza cheti cha daktari, hakuuliza kama ameolewa wala kama siku zake zimechelewa. Nikamshika mkono tukatoka.

Usiku usingizi haukuja, maana mimi mwenyewe nilizimeza 2016. Midomo ilipasuka mpaka nikashindwa kula chochote chenye ndimu, damu ilinitoka puani kila asubuhi, na mwezi wa tatu vipimo vya ini vikapanda. Aliyeniandikia hakuwa amenipima damu kabla ya kuanza. Nani mwingine yamemkuta? Na kuna aliyewahi kudai fidia hapa kwetu?

Mvuvi wa Tudor
Yamenikuta. Macho makavu mpaka leo, na dawa niliacha zamani.

Kaka Changamwe
Mimi nitasema kinyume. Nilikuwa na majipu usoni na mgongoni, shati jeupe sikuvaa miaka minne. Nimetumia antibiotiki ya doksisaiklini, nimepaka kila krimu, wapi. Isotretinoini ndiyo iliyoniponya. Daktari wangu alinipima damu kabla ya kuanza, akanipima ini na mafuta ya damu tena nikiwa katikati. Msiitie dawa ubaya kwa makosa ya aliyeitoa.

Nuru wa Majengo
Kaka, hakuna aliyeitia ubaya. Nauliza walioumia.

Ummi Liwa
Wasichana wa siku hizi hamna subira. Liwa na maji ya waridi, wiki tatu, uso unang'aa. Bibi zetu wa Mji wa Kale hawakumeza kapsuli.

Kaka Changamwe
Ummi kwa heshima yako, liwa haitibu jipu. Nilipaka, likavimba zaidi.

Bi Kisauni
Haya sijawahi kuyaandika popote. Ule mstari wa "hakuuliza kama ameolewa" ndio ulioniamsha.

Nilianza kapsuli hizo Septemba 2018, kwenye kliniki ya ngozi. Nilikuwa mchumba, harusi Desemba, nikataka uso safi siku ya kuingizwa nyumbani. Daktari akaniambia nijikinge na jua na nipake mafuta mdomoni. Kuhusu mimba hakutamka neno. Kwenye boksi kulikuwa na picha ya mwanamke mwenye tumbo, amepigwa mstari. Nikaielewa kwamba mjamzito asimeze. Mimi sikuwa mjamzito, kwa hiyo nikaona hainihusu. Nikaendelea kumeza hata baada ya harusi, maana paketi ilikuwa haijaisha na nilikuwa nimelipa pesa nyingi.

Nimejua nina mimba tayari ni wiki ya saba. Nikaacha siku hiyo hiyo, kwa sababu tu harufu ya kila kitu ilinichefua.

Mwanangu alizaliwa 2019. Masikio hayakuwepo. Upande mmoja kulikuwa na kinyama kidogo kama punje ya mahindi, upande wa pili ngozi tupu. Moyo ulikuwa na kasoro. Daktari wa moyo ndiye mtu wa kwanza kuniuliza, "Mama, ulikuwa unatumia dawa gani?" Nikamtajia. Akanyamaza, akaandika. Kule kunyamaza kwake ndiko kulikonijulisha.

Aliishi wiki kumi na moja. Tulimzika Kikowani. Wifi yangu akasema mbele za watu kwamba ni malipo ya kupenda urembo, na mimi nikamwamini. Nilimwamini miaka mingi.

2023 nikapata nguvu nikaenda kwa wakili. Akaniuliza boksi liko wapi, cheti kiko wapi, risiti iko wapi. Mamangu alikuwa amechoma kila kitu cha ile miezi, akidhani ananipunguzia machungu. Wakili akahesabu kwa vidole, akasema miaka mitatu imeshapita.

Sasa mume wangu anataka tujaribu tena, nami naogopa. Mwenzangu mmoja kaniambia sumu ile hukaa kwenye damu.

Mvuvi wa Tudor
Innalillahi. Pole dadangu, pole sana. Wifi yako hakukutendea haki.

Sauti ya Bamburi
Subhanallah. Lakini dada, mwachie Mungu. Kesi haitamrudisha mtoto.

Nuru wa Majengo
Sauti, hapana. Kumwachia Mungu ni kwake yeye na Mola wake. Kliniki iliyompa dawa bila kumwonya bado inatoa dawa. Leo asubuhi kuna msichana ameketi kwenye kiti kile kile.

Sauti ya Bamburi
Nimesema kwa huruma, usinigeuzie maneno. Mamangu alihangaika na kesi ya ardhi miaka tisa na hakupata kitu. Sitaki mwingine aumie hivyo.

Abiria wa Likoni
Kampuni za dawa zina pesa! Marekani watu wamelipwa mamilioni kwa dawa hii hii. Tafuteni wakili wa huko, mjiunge na kesi yao.

Karani Mstaafu
Abiria, ngoja niliweke sawa, usije ukampotezea mtu nauli. Nilikaa ofisi ya mawakili miaka mingi na mambo haya niliyafuatilia.

Kule dawa iliruhusiwa 1982 kwa jina la Accutane, ya kampuni ya Roche. Madhara yake kwa mtoto tumboni yalijulikana mapema, ndiyo maana tangu 2006 wana mpango uitwao iPLEDGE: mwanamke anayeweza kushika mimba hupimwa mimba mara mbili kabla ya kuanza, kisha kila mwezi, na hutakiwa njia mbili za kuzuia mimba. Kesi nyingi zilizofunguliwa katika jimbo la New Jersey hazikuhusu watoto, zilihusu ugonjwa wa utumbo. Bwana mmoja wa Alabama aliyeondolewa utumbo mpana alipewa dola milioni 2.6 mwaka 2007. Kesi ikarudiwa, 2010 akapewa zaidi ya milioni 25, na mvutano wa rufaa haukuisha mpaka 2017. Mwaka uliofuata mahakama kuu kabisa ya New Jersey ikakataa ushahidi wa wataalamu wa walalamikaji kwamba dawa inasababisha ugonjwa mwingine wa utumbo, na kesi zaidi ya 2,000 zikaanguka pamoja. Jina la Accutane lilitolewa sokoni kule 2009, lakini dawa yenyewe inauzwa na kampuni nyingine.

Kwa hiyo mlango huo si wako, Bi Kisauni. Wa hapa ndio unaokuhusu.

Abiria wa Likoni
Shukran, mzee. Nilisikia nusu.

Bi Kisauni
Mlango wa hapa umefungwa, wakili ameshasema.

Karani Mstaafu
Amesema kweli kwa sehemu kubwa. Sheria yetu ya Kenya ya ukomo wa madai, Sura ya 22, inatoa miaka mitatu kwa madhara ya mwili yatokanayo na uzembe. Lakini kifungu cha 27 kinaruhusu kuomba idhini ya mahakama mtu akithibitisha kwamba hakujua jambo la msingi. Ni mlango mwembamba, na kwako kuna shida: daktari wa moyo alikuuliza 2019, kwa hiyo watasema ulijua tangu wakati huo. Siwezi kukuahidi. Mwulize wakili wa pili swali hilo hilo moja, usimsimulie yote.

Na kuna njia zisizo za fidia. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno husikiliza malalamiko dhidi ya daktari. Bodi ya Dawa na Sumu hupokea taarifa za madhara ya dawa hata kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, na muuzaji wa Mwembe Tayari ni wa kupelekwa huko huko.

Karatasi zako zimechomwa, za kliniki hazijachomwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuona habari zako walizoziweka. Andika barua, ipeleke kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Dada wa Mkomani
Kuhusu mimba, subiri miaka mitatu tangu kidonge cha mwisho. Mimi ndivyo nilivyoambiwa.

Nesi wa Zamani
Hapana, mwanangu. Miaka mitatu ni ya asitretini, dawa ya psoriasisi, ule ugonjwa wa ngozi ya magamba, ni jamaa yake lakini si yenyewe. Kwa isotretinoini wanashauri mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho, na katika mwezi huo huo mtu asitoe damu, isije ikamwingia mjamzito.

Bi Kisauni, wewe umeacha tangu 2019. Mwilini mwako haimo. Imeshatoka kitambo, mama. Kaonane na daktari wa akina mama mwambie historia yako yote, lakini mzigo wa dawa ile usiubebe tena.

Bi Kisauni
Nimesoma mara nne. Nimempa mume wangu simu asome.

Ummi Liwa
Mwanangu, nilisema hamna subira kabla sijakusoma. Nisamehe.

Bi Kisauni
Nimekusamehe Ummi.

Kaka Changamwe
Nuru, mdogo wako aliishia kupata nini?

Nuru wa Majengo
Nimemwekea miadi kwa daktari wa ngozi wiki ijayo. Akiandikiwa, nitakaa naye ndani ya chumba na nitauliza mimi.

Bi Kisauni
Leo nimepeleka barua. Msichana wa mapokezi aliniuliza naomba faili ya nini, nikamwambia ni yangu. Akaingia ndani, akakaa sana.

Mvuvi wa Tudor
Wamekutoza pesa? Na mimi nataka yangu.

Bi Kisauni
Hawajanitoza. Wamegonga muhuri, wakaniambia nirudi Alhamisi.