Tupeane uzoefu: soko la dunia limebadilishaje ajira huko kwenu? (Tuanze na nguo)

Wakuu, heshima kwenu. Tanzania tunalima pamba, lakini sehemu kubwa inapakiwa melini ikiwa nyuzi ghafi ambazo hazijasokotwa, halafu nguo tunaagiza. Mwaka 1968 tulifungua kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kwa msaada wa China. Kuanzia 1984 serikali ikalegeza uagizaji, 1986 tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), bidhaa za nje zikamiminika. Kwenu ilikuwaje?

Binti Sengerema: Baba alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja cha nguo Kanda ya Ziwa. Zamu tatu zikawa moja, kisha wakapunguzwa. Akarudi kijijini kulima pamba ileile aliyokuwa akiifuma. Kila msimu anauliza mbona bei ya kilo imeshuka wakati mvua imenyesha vizuri, na pale kwenye mizani hakuna wa kumjibu. Bei inaamuliwa mbali. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mzee wa Karume: Pole sana binti yangu. Mimi mitumba ndiyo imesomesha wanangu, sitaisema vibaya. Nafungua belo, gredi ya kwanza natundika, zinazobaki wanachukua wamachinga. Ila nami siko huru: dola ikipanda leo, kesho belo limepanda, na mteja mfuko wake ni uleule.

Mama Athi River: Huku Kenya nashona jeans za kwenda Marekani; kwa miaka mingi ziliingia bila ushuru chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 ya kuzipa nafuu bidhaa za Afrika. Kitambaa chatoka Asia, sisi twatoa mikono. Oda zikipungua, kandarasi haiongezwi. Nguo zangu na za watoto nanunua Gikomba, soko la mitumba Nairobi.

Nyamirambo: Sisi Rwanda tulijaribu kuufunga mlango. Mwaka 2016 ushuru wa caguwa, yaani mitumba, ulipanda kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikuwa zimekubaliana kuiondoa mitumba pamoja, Marekani ikatishia, wenzetu wakarudi nyuma. Mwaka 2018 nguo zetu zikanyimwa nafuu ya AGOA. Shangazi alikuwa na meza yake Biryogo, sasa anauza mboga. Jirani yake fundi cherehani alipata kazi zaidi, ingawa vitambaa vyake bado vinatoka nje.

Binti Sengerema: Shikamoo mzee wa Karume. Kaka yangu naye ni machinga, huenda anachukua mzigo kwako.